Jina la .co.tz kwa biashara ndogo: maoni yangu kama mtumiaji na msajiliaji

Nianze na jibu, maana najua wengi mnalitaka kabla ya maelezo. Kama biashara yako iko Tanzania na wateja wako wako Tanzania, chukua .co.tz. Huduma ni nzuri, bei inavumilika, na muundo wa jina lenyewe unamweleza mteja mambo ambayo .com haiwezi kumweleza. Kasoro zipo, nitazitaja, na karibu zote nimezikuta kwa mawakala na mafundi, si kwenye jina.

Nina steshenari hapa Msamvu, Morogoro, jirani na stendi ya mabasi. Kutwa nzima ni kutoa kopi, kuskani vyeti, kuchapa barua, na kuwafungulia watu mifumo ya serikali: maombi ya kazi, mikopo ya wanafunzi, usajili wa majina ya biashara BRELA. Pembeni nawasajilia wafanyabiashara wadogo majina ya intaneti, wenyewe tunaita domeni, na wanaopenda Kiswahili sanifu wanasema kikoa. Langu mwenyewe ni la .co.tz. Kwa hiyo nalifahamu jambo hili kama mwenye jina, kama anayesajilia wengine, na kama mtu anayekaa siku nzima akiona jinsi watu wanavyosoma anwani kwenye simu zao. Hili la mwisho ndilo lililonisukuma kuandika.

Watu wengi wanasoma anwani kuanzia kushoto, wakiona neno wanalolijua wanatulia. Mtandao unasoma kuanzia kulia. Ni kama bahasha: jina la mtu liko juu, chini yake S.L.P., kisha Morogoro, na Tanzania mstari wa mwisho, lakini posta ya ng'ambo inaanza na huo mstari wa mwisho. Chukua portal.ajira.go.tz. Kulia kabisa kuna tz, hiyo ndiyo nchi. Inafuata go, fungu la serikali ndani ya nchi hiyo. Kisha ajira, jina lililosajiliwa chini ya go.tz. Ile portal ya mwanzo ni nyongeza ambayo wenye ajira.go.tz wamejiwekea wenyewe. Hawakuhitaji kumwomba mtu wala kulipia. Ndivyo ilivyo pia kwa ors.brela.go.tz. Mwenye jina anaweza kuongeza upande wa kushoto chochote anachotaka, na hapo ndipo matapeli wanapopata upenyo.

Alikuja kijana mmoja, amemaliza diploma, furaha imemjaa usoni.

"Dada, nimeitwa usaili. Wanataka nilipie fomu, naomba unisaidie kulipa hapa."

"Hongera mdogo wangu. Hebu lete simu tuone."

Kiungo alichotumiwa kilikuwa na maneno ajira, go na tz, yote yapo, lakini yameunganishwa kwa vistari badala ya nukta, halafu mwishoni kabisa kuna nukta com. Nikamwonyesha: ukiacha zile // za mwanzo, tafuta alama ya / inayofuata, weka kidole hapo, kisha rudi kushoto nukta kwa nukta. Cha kwanza unachokutana nacho ni com. Kwa hiyo hii si ya nchi yoyote, na maneno yote yaliyobaki ni jina moja refu ambalo mtu yeyote mwenye kadi ya benki anaweza kulinunua akiwa amekaa kitandani. Tukafungua portal.ajira.go.tz, akaingia kwenye akaunti yake. Hakukuwa na usaili wala malipo. Aliumia, lakini hela yake alirudi nayo nyumbani. Tangu siku hiyo kila anayekuja na kiungo cha mashaka namfundisha kuweka kidole kwenye ile / na kurudi kushoto, na nimeona hata mabibi waliokuja kutafuta matokeo ya NECTA ya wajukuu wakielewa mara moja.

Sababu ya kuamini go.tz ni kwamba haiuzwi dukani. Ni ya taasisi za serikali tu, na nyuma yake kuna Mamlaka ya Serikali Mtandao, eGA, ambayo kwa sasa inafanya kazi chini ya Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019. Vivyo hivyo ac.tz ni ya vyuo. Sisi watu wa Morogoro tunazo mlangoni: sua.ac.tz ya Sokoine na mzumbe.ac.tz ya Mzumbe. Zanzibar nao, kwa kuwa hawana herufi zao mbili kwenye orodha ya dunia, wamo humu humu, ndiyo maana Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar ni suza.ac.tz. Kuna sc.tz ya shule, mil.tz ya jeshi, or.tz ya mashirika yasiyo ya faida, ne.tz ya watoa huduma za mtandao, na co.tz yetu wafanyabiashara. Baadaye yakaongezwa mengine: me.tz ya mtu binafsi, info.tz, mobi.tz, tv.tz, na hotel.tz. Hii ya hotel naipenda sana kwa nchi inayoishi kwa watalii kama yetu, lakini hoteli nyingi ninazokutana nazo bado zinakimbilia .com au co.tz. Nafikiri ni fursa imelala.

Niseme ukweli kuhusu co.tz: haina ulinzi kama wa go.tz. Mtu yeyote anaweza kuisajili, mwaminifu na asiye mwaminifu. Kwa hiyo usimwambie mteja wako kwamba kwa sababu una co.tz basi wewe si tapeli. Inachokupa ni kwamba jina lako limesajiliwa kwenye daftari la nchi hii, chini ya kanuni za nchi hii, na mkigombana kuna mahali pa kwenda kulalamika bila kupanda ndege. Daftari hilo la .tz lilianzishiwa chombo chake, tzNIC, mwaka 2006, kwa ushirikiano wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, na TISPA, ule umoja wa watoa huduma za intaneti. Herufi zenyewe tz ziliingizwa kwenye mzizi wa mtandao, yaani orodha kuu ya miisho yote ya majina, mwaka 1995, zamani sana kabla wengi wetu hatujagusa kompyuta. Kwangu mimi hilo la kulalamika nyumbani lina uzito mkubwa. Nimeona mama mwenye duka la vitambaa akihangaika na jina la .com ambalo aliyemsajilia alipotea. Kampuni iliyouza iko nje, barua pepe zinajibiwa na mashine kwa Kiingereza, na yeye Kiingereza chake ni cha kuombea maji.

Jirani zetu nao wana mpangilio wao, na hapa wafanyabiashara wa mipakani wanatakiwa kuwa makini. Hakuna sheria ya dunia inayosema kila nchi igawanye mafungu namna moja. Angalia mamlaka za mapato peke yake: kwetu tra.go.tz, Kenya kra.go.ke, Uganda ura.go.ug. Umezoea, unadhani Afrika Mashariki yote ni go. Ukifika Rwanda ni rra.gov.rw, na Burundi ni obr.bi, hakuna fungu katikati kabisa. Zambia ni zra.org.zm, yaani mamlaka ya serikali imekaa kwenye fungu ambalo sisi tungewapa mashirika. Congo ya Kinshasa, kwa kuwa Kifaransa ndicho cha ofisini, serikali inatumia gouv.cd. Hapa Msamvu napata vijana wa makampuni ya malori yanayokwenda Tunduma na kuvuka, wanachapa nyaraka za forodha za nchi mbili tatu, na swali lao la kila mara ni "hii ya kweli?" Jibu langu ni kwamba jifunze fungu la serikali la kila nchi unayopita, liandike ndani ya daftari la gari. Ukikuta go.zm usifurahi kwamba inafanana na ya nyumbani.

Hii co, ac, or, ne na go hatukuibuni sisi. Japani wana co.jp, ac.jp, or.jp, ne.jp na go.jp, herufi kwa herufi. Nigeria wakachagua com.ng. Kenya walikuwa na mtindo kama wetu, lakini mwaka 2017 wakafungua pia usajili wa moja kwa moja, kwamba unaweza kuwa na jina lako kisha nukta ke bila co. Uingereza walishafanya hivyo 2014 kwa .uk. Wateja wangu wa mjini wakiona hivyo wanasema fupi ni nzuri zaidi. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Fungu la katikati lina kazi: linaniambia kama naongea na chuo, na shule au na duka. Kwa nchi ambayo watu wengi ndiyo kwanza wanaingia kwenye mtandao kupitia simu ya mkononi, hiyo ni taarifa ya thamani, na sioni sababu ya kuitupa ili kuokoa herufi mbili.

Zile herufi mbili za nchi zinatoka kwenye orodha ya ISO 3166, ile ya shirika la viwango la dunia, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1974. Jon Postel, aliyekuwa akisimamia mambo haya tangu mwanzo, aliandika mwaka 1994 katika waraka wa RFC 1591 kwamba kazi ya wasimamizi wa majina si kuamua nani ni nchi na nani si nchi. Wanafuata orodha hiyo basi. Uamuzi huo una matokeo. Zaire ilikuwa .zr, ilipobadilika jina mwaka 1997 ikaja .cd, na .zr ikafutwa kabisa 2001. Yugoslavia nayo .yu yake ilizimwa 2010. Kwa hiyo jina la nchi linaishi na nchi yake. Kwa Tanzania silioni hilo kuwa tishio, lakini kwa wanaopenda kununua majina ya visiwa vya mbali kwa sababu yanasikika kama ya teknolojia, ni vema wajue wameweka biashara yao mikononi mwa nani.

Na hapa niongee na vijana wangu wa vyuo, kwa upole kabisa. Kwa miaka mingi mlikuwa mnatumia majina ya bure ya .tk, .ml, .ga, .cf na .gq kupitia Freenom, kampuni iliyokuwa ikiyagawa. Mnakuja dukani mnachapa kadi za biashara zenye .ml mkidhani ni kifupi cha kitu fulani, kumbe ni Mali. Mwaka 2023 Freenom walisimamisha usajili mpya. Juni mwaka huo huo Gabon waliichukua .ga yao na majina zaidi ya milioni saba yakafutwa. Mwenye jina la bure hakuwa na pa kulalamika, kwa sababu hakuwa mmiliki kwa namna yoyote ya maana. Na hiyo .ml ndiyo iliyowapa Wamarekani aibu: barua pepe za jeshi lao zilizotakiwa kwenda .mil zilikuwa zikienda Mali kwa kukosea herufi moja. Nukta na herufi hazisameheki kwenye mtandao.

Sasa huduma yenyewe. Huwezi kusajili mwenyewe moja kwa moja kwenye daftari la nchi. Unapitia kwa wakala aliyeidhinishwa. Kwa wakala ninayemtumia mimi, co.tz inakwenda kati ya shilingi 20,000 na 30,000 kwa mwaka kutegemea ofa. Nalipa kwa simu, kwa shilingi, napata risiti ya EFD. Hili la shilingi ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mwenye .com anafuatilia dola ikipanda, anahitaji kadi inayokubali malipo ya nje, na mwaka wa pili anakuta bei imeruka kwa sababu ya kwanza ilikuwa chambo. Mimi sijawahi kushtuliwa na bei ya kulipia upya co.tz.

Usajili wenyewe ni haraka. Linalochelewa ni jina kuanza kuonekana, na wateja hunipigia simu wakiwa na hasira. Nawaeleza hivi: mtu akiandika jina lako, mashine yake inauliza kwanza mzizi, .tz inatunzwa wapi. Kisha inauliza huko, jina hili liko kwenye seva gani, yaani kompyuta gani inayolitunza. Seva hiyo ndiyo inatoa namba ya tovuti. Majibu haya yanahifadhiwa njiani ili yasiulizwe kila mara, kwa hiyo ukibadilisha seva leo, baadhi ya watu wataendelea kupata jibu la jana kwa saa kadhaa, wengine mpaka siku mbili. Usibadilishe seva Ijumaa mchana kama una ofa ya Jumamosi.

Kwenye kuchagua jina kuna mipaka michache. Herufi, tarakimu na kistari tu, kistari kisianze wala kisimalize, na kila kipande kisizidi herufi 63. Kubwa na ndogo ni sawa. Kwa Kiswahili tatizo ni ile ng' yetu. Mama mmoja wa Mvomero anayeuza maziwa alitaka neno ng'ombe ndani ya jina lake, na alama ile ya juu haikubaliki. Tulisajili bila alama, tukaenda hivyo hivyo, na wateja wake wanampata bila shida. Ushauri wangu ni jina litamkwe redioni na mtu aliandike bila kuuliza. Vistari viepuke, kwa sababu ndivyo vinavyowafanya watu wakufananishe na wale wa viungo vya uongo.

Kasoro kubwa ni hii, na imewaumiza watu wangu wa karibu. Fundi wa tovuti anasajili jina la mteja kwa jina lake yeye. Mteja amelipa, ana tovuti, ana barua pepe kwenye kadi na kwenye karatasi za zabuni, lakini kwenye daftari mwenye mali ni fundi. Mmiliki wa shule moja ya awali aligombana na fundi wake kuhusu malipo ya matengenezo, fundi akazima kila kitu. Wazazi wakadhani shule imefungwa. Mwisho yule mama alinunua jina jingine na kuanza upya, kubadilisha vibao, sare, fomu, kila kitu. Sitamtaja fundi, lakini wapo wengi wa namna hiyo.

Kinga ipo na ni ya bure. Uliza taarifa za jina kwenye huduma ya whois ya .tz, nitakuonyesha ukija dukani, haichukui dakika. Mfumo wa daftari letu ni FRED, uliotengenezwa na CZ.NIC ya Ucheki, na majibu yake yanakuja mistari mifupi mifupi. Mstari wa registrant ndio mwenye jina. Mstari wa admin-c ni msimamizi. Wa registrar ni wakala, nsset inaonyesha seva, na expire ni tarehe ya mwisho. Soma wa kwanza na wa mwisho kabla hujamlipa fundi salio lake. Kama registrant si wewe au kampuni yako, mwambie arekebishe mbele yako. Na omba neno la siri la kuhamishia jina, ili ukichoka na wakala huyu uende kwa mwingine bila kubembeleza.

Kasoro ya pili: vikumbusho vya kulipia upya. Mawakala wengine wanatuma barua pepe moja kwenye anwani iliyo ndani ya jina lile lile linalokwisha muda, kwa hiyo likizimika huoni lolote. Weka anwani nyingine kwenye taarifa zako, ya Gmail inatosha, na namba ya simu unayoitumia kweli. Wakala wangu wa sasa hutuma na ujumbe mfupi wa simu, na ndiyo sababu mojawapo ninayobaki naye.

Kwa aina za wateja: duka, saluni, fundi cherehani, kampuni ya usafirishaji, co.tz. Shule, wasichukue co.tz kwa sababu tu fundi kasema ni haraka, sc.tz ipo kwa ajili yao, na mzazi anayeiona anajua mara moja anasoma kuhusu shule. Vikundi na asasi, or.tz. Anayeuza safari za Mikumi au Udzungwa kwa wageni wa Ulaya, achukue .com na co.tz vyote viwili, moja aielekeze kwenye nyingine, mgeni ameizoea .com, na ukiiacha mtu mwingine ataichukua. Anayeomba zabuni kupitia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi, asitume nyaraka kwa anwani ya bure ilhali kwa gharama ya mwaka mzima ya jina anaweza kuwa na barua pepe ya kampuni.

Na ukilipa, lipia jina kwa wakala na nafasi ya tovuti kwa risiti nyingine, hata kama ni kampuni ile ile. Wakizungumza kuhusu "kifurushi" kimoja, waambie wakuandikie jina ni shilingi ngapi peke yake na linaisha tarehe gani.